Mita, futi, hatua au masaa: upime na kipi ukiwa huku Moshi na Arusha

Ukikaa huku kaskazini muda mrefu unazoea kwamba umbali hauna kipimo kimoja. Kiwanja kinauzwa kwa mita au kwa hatua, bati kwa futi, mbao kwa inchi, kitenge kwa yadi, safari ya Arusha kwa kilomita na mlima kwa masaa, alafu jioni mtangazaji wa mpira anasema jamaa kaangushwa ndani ya kumi na nane na kijiwe kizima kinapiga kelele penati, japo hizo kumi na nane ni yadi, yani mita 16 na nusu hivi, na hakuna hata mmoja pale aliyewahi kumiliki rula ya yadi. Hamna ubaya. Ubaya unaanza pale muuzaji anaongea kipimo kimoja na mnunuzi anasikia kingine, hapo ndo hela inapotelea. Kwaiyo nimeamua nivikabilishe vyenyewe kwa vyenyewe, kila kimoja kimetokea wapi na kina vituko gani, ili ukienda shambani au hadiwea au kwenye mitumba ujue ushike kipi.

Hatua na mita, ukiwa unanunua ardhi

Naanza na hii maana ndo yenye hela nyingi. Huku kwetu ekari inajulikana kama hatua 70 kwa 70. Mzee anasimama kwenye kona ya shamba anaelekeza kwa fimbo, kijana anaanza kutembea huku anahesabu kwa sauti, sabini huku, sabini kule, basi, hiyo ekari, tuandikishane. Sasa ekari halisi ni kama mita za mraba 4,047, ambazo zikiwa pembe nne sawa kila upande unakua na mita 63.6. Gawanya kwa 70 utapata hatua ya sentimita 91, na sentimita 91 na kidogo ndo yadi moja. Yadi 70 kwa 70 ni yadi za mraba 4,900, ekari ya Mwingereza ni 4,840. Kwaiyo hesabu yenyewe wala siyo ya ovyo, iko karibu sana, ila inataka mtu mwenye hatua ya yadi nzima, na hiyo siyo kutembea, hiyo ni kujivuta kama unaruka madimbwi.

Mtu mzima akitembea kawaida hatua yake inacheza kwenye sentimita 75 hivi. Hatua 70 za namna hiyo ni mita 52 na nusu, kwaiyo "ekari" yako inakua mita za mraba 2,756. Umelipia ekari nzima umepewa theluthi mbili na vijisenti, na kilichobaki, karibu mita za mraba 1,300, ni viwanja vitatu vya 20 kwa 20 na chenji juu. Kwenye viwanja vya makazi inauma zaidi, ukiambiwa 20 kwa 20 ukadhani ni mita kumbe jamaa anamaanisha hatua, zile 400 ulizokua unazipigia hesabu zinakua 225, nyumba ikikaa hakuna pa kugeuzia gari. Alafu angalia anayehesabu ni nani. Mara nyingi ni kijana wa upande wa muuzaji, na akiingia kwenye migomba hatua inafupika, akifika kwenye mfongo, ule mfereji wa maji, anaruka, na kule kuruka nako anakuhesabia.

Kingine ambacho watu wa mlimani inabidi wakijue, hata ukiwa na tepu ya mita bado kuna mtego wa mteremko. Mpima ardhi anayeweka bikoni, zile alama za mpaka, anachora eneo kama linavyoonekana ukiliangalia kutoka juu, yani umbali wa bapa, siyo ule wa kulaza tepu kwenye mgongo wa kilima. Mteremko wa nyuzi 20, ambao ukienda Old Moshi au Kibosho ni wa kawaida kabisa, ukipima mita 50 chini kwenye udongo, kwenye ramani zinatoka 47. Hakuna aliyekuibia hapo, ila kama makubaliano yenu yalikua ya tepu ya kulaza chini, siku hati inatoka mtaangaliana vibaya.

Na kihamba je? Kihamba, lile shamba la migomba la ukoo wa Kichaga, hakina habari na mita wala hatua, mpaka wake ni masale, ile mimea ya kupandwa mpakani, na masale yakishapandwa na babu zenu wawili wakiwa wamesimama hapo, hakuna tepu ya kubishana nayo. Ila siku kinauzwa kwa mtu wa nje, aitwe mpima.

Wanaovuka Namanga kwenda kuangalia ardhi upande wa pili wanakutana na kitu kingine tena, wenzetu wa Kenya wanauza 50 kwa 100, ni futi hizo, na wanaita moja ya nane ya ekari. Futi 50 kwa 100 ni mita za mraba 464, moja ya nane halisi ya ekari ni karibu 506. Arobaini na kitu zimeyeyukia kwenye jina.

Hatua msizitupe lakini. Kwa kukadiria ziko vizuri kuliko chochote maana huendi nazo mfukoni, ziko miguuni. Nenda uwanja wa shule wenye njia ya mbio, tembea mita 100 kwa mwendo wako wa kila siku, hesabu ulipiga ngapi, gawanya, hiyo ndo hatua yako mpaka uzeeke. Ukiijua unaweza kusimama kwenye shamba la mtu ukajua kama bei inaongea na ukubwa, alafu mambo ya kulipa yasubiri tepu na bikoni.

Mita yenyewe ilitoka wapi

Watu wanaiona mita kama kitu cha serikali, imenyooka, haina hadithi. Hadithi inayo, tena ya taabu. Ufaransa kabla ya mapinduzi kila mji ulikua na vipimo vyake, mfanyabiashara akihama bonde moja kwenda jingine anakuta futi nyingine. Mwaka 1791 wakaamua kipimo kipya kisitokane na mguu wa mfalme yeyote, kitokane na dunia, mita iwe sehemu moja ya milioni kumi ya umbali wa kutoka Ncha ya Kaskazini hadi ikweta, kwa mstari unaopita Paris. Sasa nani akapime? 1792 wakatumwa wanaastronomia wawili, Delambre upande wa kaskazini kuanzia Dunkirk, Méchain upande wa kusini mpaka Barcelona, na ilikua katikati ya mapinduzi na vita, watu wakiwaona wamepanda kwenye minara ya makanisa na vyombo vya ajabu wanawakamata wakidhani ni majasusi. Kazi ikala miaka kama saba.

Méchain akiwa Barcelona alipata vipimo viwili ambavyo vilitakiwa vikubaliane na havikukubaliana, tofauti ndogo tu, na akaificha. Ikamtafuna. Mwishoni akarudi Hispania kuendelea kupima na homa ya manjano ikamuua hukohuko mwaka 1804. Na mita ya platinamu iliyowekwa rasmi 1799 ilitoka fupi kwa kama milimita 0.2, zaidi kwa sababu dunia imebonyea tofauti na walivyoihesabia kuliko kwa kosa la huyu mzee wa watu. Ila ilishatengenezwa, ikabaki hivyohivyo, na tangu 1983 imefungwa kwenye mwanga, ni umbali mwanga unaokwenda kwenye ombwe kwa sehemu moja ya 299,792,458 ya sekunde. Hayo manamba ya ajabu yamewekwa makusudi ili mita mpya isitofautiane na ile ya zamani, wasije wakabadilisha tepu za dunia nzima.

Faida moja ya asili hiyo, unaweza kukumbuka bila kitabu kwamba kutoka ncha mpaka ikweta ni kilomita 10,000 na dunia kuizunguka ni 40,000 na kidogo.

Huku kwetu mita ilifika mara mbili. Mjerumani alikuja nayo, na reli ya kutoka Tanga mpaka Moshi ilijengwa kwa upana wa mita moja kamili kati ya chuma na chuma. Mwingereza akaja na futi na maili, akakaa nazo mpaka uhuru, baadae tukarudi kwenye mita. Ndo maana hadiwea inaongea lugha mbili.

Futi na inchi mkononi kwa fundi

Inchi ni kipimo cha shayiri. Sheria za zamani za Uingereza ziliihesabu kama punje tatu za shayiri kavu zilizolazwa kwa urefu moja nyuma ya nyingine. Futi ni 12 za hizo, yadi ni futi tatu. Kwa muda mrefu inchi ya Marekani na ya Uingereza hazikua sawasawa kabisa, mpaka 1959 nchi zinazotumia vipimo hivyo zikakubaliana yadi iwe mita 0.9144 kamili, na inchi ikawa milimita 25.4 bila hata chembe ya ziada. Yani inchi ya leo ni mtoto wa mita, inalishwa na mita, ila jina ni la kwake.

Kwenye ujenzi ushauri wangu ni huu, ramani na msingi fanya kwa mita, ila kabla hujakubali ukubwa wa chumba waza futi. Kwa nini? Kwa sababu mbao zinakuja futi 12. Futi 12 ni mita 3.66. Mtu anachora chumba cha mita 3.5 kwa ndani, kinapendeza kwenye karatasi, anajenga kwa tofali za inchi 6, ambazo ni kama sentimita 15 kila ukuta, jumla kutoka nje mpaka nje ni mita 3.8, na mbao yako ya futi 12 haifiki ng'ambo. Itabidi uunge, au utafute ndefu zaidi na bei yake. Ungepunguza chumba kikawa mita 3.3 ungefika 3.6, mbao moja inalala ukuta mpaka ukuta na inabaki kama sentimita 6. Sentimita 20 za chumba hakuna mgeni atakayeziona. Bati vilevile, futi 10 ni mita 3.05, usikubali kuambiwa "mita tatu ni ileile futi kumi" kama unanunua paa zima, maana hizo sentimita tano ndo ulikua unazitegemea kulalia bati juu ya bati.

Tepu yenyewe, ile mafundi wanaita futi kamba, ina vitu ambavyo watu wanavitumia kila siku bila kuvijua. Kile kikulabu cha mbele kinachochezacheza, kuna watu wanakigonga nyundo wakidhani kimelegea. Usikigonge. Kimeachwa kicheze kwa unene wake mwenyewe, ili ukikivuta nje ya mbao au ukikisukuma ndani kwenye ukuta vipimo vyote viwili vitoke sawa. Alafu kwenye tepu nyingi za inchi kila baada ya inchi 16 namba imepigwa wekundu, hiyo haituhusu sana, ni kwa ajili ya Wamarekani wanaojenga kuta za mbao na nguzo zao zinakaa kila inchi 16. Tunanunua tepu yenye kumbukumbu ya nyumba za watu wengine.

Na mbao ya 2 kwa 4 pima mwenyewe dukani. Marekani mbao inayouzwa kwa jina hilo ikisharandwa ni inchi moja na nusu kwa tatu na nusu, na ni halali kabisa, jina limebaki la kabla ya randa. Huku ubishi mwingi ni wa mashine ya kupasulia, ila dawa ni moja, tepu kwanza.

Mabomba ndo kituko cha mwaka. Bomba la chuma la nusu inchi ukilipima kwa nje ni milimita 21.3, na nusu inchi ni 12.7. Ndani nako siyo 12.7, inazidi. Hakuna popote kwenye lile bomba utakapoikuta nusu inchi, jina lilitokana na upana wa ndani wa mabomba ya zamani yaliyokua na kuta nene, kuta zikawa nyembamba na kipenyo cha nje kikaachwa vilevile ili viungio viendelee kuingiliana. Mabomba ya plastiki yale ya kuchomea kwa moto yanaitwa kwa milimita za nje, kwaiyo ukiambiwa la 20 ndo linakwenda na nusu inchi, la 25 ndo robo tatu. Hapa usijaribu kubadilisha kwa kikokotoo utaharibu, haya ni majina, siyo vipimo, wewe taja kama fundi bomba alivyotaja au beba kipande ulichonacho.

Yadi, dhiraa na kitenge

Kabla ya yote hayo pwani na njia za misafara walipima kwa mwili. Shibiri ni kutoka ncha ya gumba hadi ya kidole cha mwisho mkono ukiwa umetanuliwa, dhiraa ni kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati, pima ni mikono yote miwili ikiwa imenyooshwa, kama dhiraa nne. Wamisri wa kale nao walipima kwa kiwiko, dhiraa yao ya kifalme ilikua kama sentimita 52, ndefu kuliko ya mtu wa kawaida, maana waliigawa viganja saba badala ya sita. Merikani, ile kitambaa cha pamba cheupe, ilikua inakwenda bara kwa doti, na doti ya misafara ilikua yadi nne. Doti tunayo mpaka leo kwenye kanga, ila sasa ni vipande viwili vinavyokwenda pamoja na hakuna anayeuliza urefu.

Kwenye kitenge swali lipo. Pisi nyingi ni yadi 6, mtu anasoma 6 anawaza mita. Yadi 6 ni mita 5.49. Fundi cherehani akikuambia leta mita sita za gauni na mikono mipana, ukipeleka pisi ya yadi sita umepungukiwa nusu mita, na nusu mita ndo kilemba. Ukikata dukani kwenye meza muulize mwenye duka rula yake ya mbao ni ya mita au ya yadi, na usione haya, wengine wanayo ya yadi na bei wanataja ya mita.

Kiatu cha mtumba

Pale Memorial, soko la mitumba la Moshi, watu wanageuza soli wanaangalia namba, na namba ziko tatu nne, kila moja na ukoo wake. Namba za Uingereza ni zile punje za shayiri, hazijafa, kila namba inaizidi ya nyuma yake kwa theluthi moja ya inchi, milimita 8 na nusu hivi. Za Marekani ni hatua hiyohiyo ila zinaanzia pengine, kwaiyo kiatu cha kiume cha 8 ya Uingereza kinakua kama 9 ya Marekani. Hizi za 40, 41, 42 ni za Ulaya bara, kila namba ni theluthi mbili za sentimita, ndo maana zinapanda taratibu. Na zote hizo zinapima kalibu ya kutengenezea kiatu, siyo mguu wako, kalibu inazidi mguu ili vidole vipumue.

Iliyo nyooka ni ile iliyoandikwa CM kwenye kitambulisho cha ndani ya ulimi. Hiyo kwa kawaida ni urefu wa mguu wenyewe kwa sentimita. Simama juu ya karatasi nyumbani, weka alama kisigino na kidole kirefu, pima, nenda na hiyo namba moja sokoni, ukikuta 26.5 na mguu ni 26.5 jaribu, mengine waachie wenye kubahatisha.

Maili na kilomita, barabarani na kwenye gari

Maili ilianza kwa askari wa Roma, hatua elfu moja, na hatua yao ilihesabiwa mguu uleule unapogusa chini tena, yani mbili zetu, jumla futi 5,000 za Kirumi. Ilivyofika Uingereza ikakutana na falongi, urefu wa mtaro wa kulimia na ng'ombe, futi 660, ambayo mashamba yote yalikua yamepimwa nayo. Mwaka 1593, enzi za Elizabeth wa Kwanza, wakaifunga maili kwenye falongi nane, futi 5,280. Waliona rahisi kurefusha barabara kuliko kugusa mashamba ya watu, na ukiangalia kesi za ardhi za hapa kwetu unawaelewa kabisa. Miaka kama 27 baadae, 1620, Mwingereza mmoja wa hesabu, Gunter, akaja na mnyororo wa kupimia wa futi 66 wenye pingili 100, ekari ikawa mnyororo mmoja kwa kumi, na uwanja wa kriketi kati ya wiketi na wiketi mpaka leo ni mnyororo mmoja huo huo.

Maili tumebaki nayo kwenye majina, Mailisita iko hapo njiani ukitoka Moshi kwenda Boma, maili sita ni kama kilomita 9.7. Kwingine tumia kilomita, isipokua sehemu mbili ambazo maili inakutafuta yenyewe.

Ya kwanza ni gari iliyotoka Uingereza au Marekani. Zile Land Rover za kizee watu wanazozifufua Arusha kwa ajili ya porini, dashibodi inasoma maili. Ukiona imetembea 80,000 ukashangilia, ni karibu kilomita 129,000. Na mshale ukiwa kwenye 50 wewe unajiona mtiifu wa kibao cha 50 pale mjini kumbe uko kwenye 80, na trafiki hatakusikiliza habari za Malkia.

Ya pili ni safari ya kisheria kwa Waislamu. Umbali wa kufupisha swala kwenye vitabu umetajwa kwa farsakh 16, kila farsakh maili tatu za kale, na masheikh wengi wanaukadiria kilomita 80 na kitu, wengine wanatofautiana kidogo. Sasa Moshi mpaka Arusha ni kama 80. Imekaa palepale kwenye mstari, kwaiyo ubishi wa unaanzia kuhesabu wapi, stendi au mwisho wa mji, huku ni ubishi wa kweli, muulize sheikh wako usiulize kilomita za kwenye simu.

Wanaokuja kwenye marathon ya Moshi wanauliza kwa nini 42.195 na siyo 42 au 45. Ni London 1908, mbio zilianzia kwenye kasri la Windsor zikaishia mbele ya jukwaa la familia ya kifalme uwanjani, ikatoka maili 26 na yadi 385, na 1921 ikafanywa ndo urefu rasmi. Ukiwa unapanda kile kipande cha Mweka ukahisi hizo mita 195 za mwisho zinakuonea, basi ujue ni suala la kiti cha mfalme.

Ipo maili nyingine, ya baharini, na hii naiheshimu kuliko zote japo sisi wa huku hatuna bahari. Ni mita 1,852, na ni dakika moja ya latitudo, yani sehemu ya sitini ya nyuzi moja. Moshi iko nyuzi 3 na dakika 21 kusini ya ikweta. Tatu mara sitini jumlisha 21 ni 201, kwaiyo ni maili 201 za baharini mpaka ikweta, bila ramani bila kikokotoo. Zidisha kwa 1.852 unapata kilomita 372. Marubani wanaoshuka uwanja wa ndege wa KIA wanatumia hii hii.

Tairi

Chutama pembeni ya gari usome 195/65R15. 195 ni upana kwa milimita. 65 siyo milimita, ni asilimia, ukuta wa tairi ni asilimia 65 ya ule upana, kama milimita 127. 15 ni rimu, inchi. Vipimo vitatu vya koo tatu kwenye mpira mmoja na dunia nzima imekubali. Ukijumlisha, tairi zima lina kipenyo cha kama milimita 634, likizunguka mara moja gari inakwenda karibu mita mbili, kwaiyo kwenye kilomita moja linazunguka kama mara 500. Hii inakusaidia nini? Dashibodi inahesabu mizunguko, haioni barabara. Ukifunga tairi kubwa kuliko za kiwandani, kama wanavyopenda machalii wa Arusha, gari inakwenda kasi kuliko inavyosoma na kilomita zinazoandikwa ni chache kuliko ulizotembea. Hapa hakuna kuchagua mita au inchi, nunua namba ileile iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva.

Mlimani

Kibao cha kileleni kimeandika mita 5,895 na futi 19,341 vyote, GPS za baadae zimewahi kutoa 5,892, na wageni wa Marekani wanataka futi maana 19,000 inanoga kusimulia. Kwa urefu wa kwenda juu chagua mita, kambi zote huku zinajulikana kwa mita na daktari wa mlima anaongea mita.

Ila kwa urefu wa njia, kilomita achana nazo. Kutoka Kibo Hut, mita 4,720, mpaka Uhuru ni kama kilomita 6. Kilomita 6 huku chini ni matembezi ya jioni na maongezi njiani. Kule watu wanaondoka usiku wa manane na wanatumia masaa sita mpaka nane, kwa sababu ndani ya hizo sita kuna mita 1,175 za kupanda kwenye changarawe zinazokurudisha na hewa iliyobaki nusu. Mabango ya hifadhi njiani yanaandika kilomita na masaa, soma masaa. Na ukimuuliza mwongozaji wako bado kiasi gani, akijibu "hapo tu" mbane, mwambie ataje masaa, alafu muulize ni masaa ya mgeni au ya mpagazi, maana mpagazi na kilo 20 kichwani atakua ameshafika, amesimamisha hema na maji ya chai yanachemka.